Mbwa wanatetemeka alfajiri: nibadilishe banda au niwawashie jiko?

"Daktari, habari za kazi. Niko Njombe, nje kidogo ya mji. Nina mbwa wawili wa ulinzi. Dume ni chotara wa German Shepherd, ana miaka kumi sasa. Jike ni wa kienyeji, manyoya mafupi, ana mimba na nadhani atazaa mwisho wa mwezi wa saba. Mwaka jana fundi alinijengea banda la mabati, urefu mita tatu, sakafu ya saruji, mlango wa nondo. Nimewatandikia mablanketi. Mchana wamo bandani, usiku nawafungulia walinde. Lakini kila alfajiri nawakuta wamejikunja barazani wanatetemeka, na yule mzee anachukua muda kusimama. Jirani anasema mbwa ana manyoya, baridi haimhusu. Mwingine ananishauri niweke jiko la mkaa bandani. Kijana wangu wa kazi anasema kifuniko kimoja cha konyagi kinatosha, tena mbwa akilala pazuri halindi. Mama watoto hataki mbwa ndani ya nyumba. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, jambo lililonigusa zaidi katika barua yako ni kwamba mbwa wana banda, mlango uko wazi usiku kucha, na bado wanachagua kulala barazani. Mbwa hawezi kukosoa kazi ya fundi kwa maneno, ila anapohama chumba ulichomlipia anakuwa ameshasema. Basi kabla ya jiko na konyagi tulitazame banda lenyewe.

Nianze na jirani, kwa sababu kuna nusu ya ukweli katika maneno yake. Mbwa ana joto kuliko sisi: mwenye afya hukaa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, wakati binadamu yuko kwenye 37 hivi. Joto hilo analitengeneza mwenyewe kwa chakula anachokula na misuli anayoitumia. Manyoya hayaongezi joto hata chembe. Kazi yake ni kama ya chupa ya chai, kulitunza lililomo lisitoke, na yanafanya hivyo kwa kushika hewa iliyotulia katikati yake. Ndiyo maana mbwa akisikia baridi manyoya humsimama: anaongeza unene wa ile hewa.

Sasa, si kila mbwa amepewa chupa ya aina moja. Dume wako, ikiwa amemrithi mzazi wake wa kigeni, ana tabaka mbili, manyoya marefu juu na sufi nzito chini. Jike wako ana tabaka moja fupi lililofaa Dodoma au Pwani kuliko mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba Njombe si mahali pa kumwambia mbwa mwenye manyoya mafupi ajitegemee, na kwa wenzetu wa Makete kule Kitulo sakitu huanguka kabisa. Hali ni hiyohiyo kwa wasomaji wa Limuru na Kinangop kule Kenya. Ongeza kwamba dume ni mzee, misuli imepungua na moto wake wa ndani umepungua nayo, na jike anagawana chakula chake na watoto walio tumboni. Wote wawili wana haki ya kutetemeka.

Joto la mbwa aliyelala huibwa na vitu vitatu: sakafu, upepo na unyevu. Banda lako, bila nia mbaya ya fundi, limevikaribisha vyote.

Saruji ni ya kwanza. Inapoa jioni na inabaki ya baridi hadi jua lipande, na mbwa aliyelala juu yake anaipasha moto usiku kucha bila kuimaliza. Mlango wa nondo unazuia mwizi, lakini upepo unapita kama hakuna kitu. Na bati ndilo linaloleta yule wa tatu. Usiku wenye anga safi bati hupoa haraka kuliko hewa iliyo chini yake. Pumzi ya mbwa ina mvuke. Mvuke huo ukigusa bati la baridi unageuka maji, na maji yanadondoka juu ya mablanketi. Ingiza mkono kesho alfajiri, nina hakika utayakuta yana unyevunyevu. Blanketi bichi ni baya kuliko kukosa blanketi, maana maji hubeba joto kutoka mwilini kwa kasi kubwa kuliko hewa kavu. Mwisho kuna ukubwa. Mita tatu ni nafasi nzuri ya kushinda mchana, lakini mbwa wawili hawawezi kuipasha joto kwa miili yao. Barazani walau kuna ukuta wa nyumba uliokunywa jua mchana.

Usilibomoe. Liache liwe la mchana. Cha kuongeza ni masanduku ya kulalia, na hapo Njombe una bahati ambayo wengi hatuna: mbao za paini ziko kila kona, na mabanzi yanayobaki kwenye mashine za kupasulia yanapatikana kwa bei ndogo. Mbao hazipitishi joto haraka kama bati wala hazitoi jasho namna ile.

Mwambie fundi asijenge kikubwa. Hili ndilo gumu kumshawishi mtu, kwa sababu tunapima upendo kwa ukubwa wa nyumba. Sanduku la kulalia linatakiwa limtoshe mbwa kusimama, kugeuka na kujikunja, basi. Mpime dume wako kutoka puani hadi shina la mkia, ongeza kiganja kimoja, huo ndio urefu. Kimo kipite kichwa chake kidogo akiwa amesimama. Kwa mbwa wa umbo hilo utafika kama sentimita 110 kwa urefu, 75 kwa upana na 80 kwa kimo. Chini kuwe na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya matofali, sentimita 10 au 15 kutoka ardhini, hewa ipite na maji ya mvua yasifike. Paa liinamie nyuma. Mlango usiwe katikati. Uwe kwenye kona ya upande mrefu, mwembamba, ili mbwa akishaingia ajisogeze kando na upepo usimfuate. Tundika gunia nzito au kipande cha mpira wa tairi la ndani mlangoni. Wachache watakuambia uzibe kila tundu, lakini acha nafasi ndogo juu kabisa chini ya paa, pumzi itoke. Sanduku lisilopumua litarudisha unyevu uleule tunaoukimbia.

Upande wa kuelekeza mlango una maana kuliko watu wanavyodhani. Miezi ya kipupwe upepo wenu wa baridi hutoka kusini-mashariki, na kwa sababu mko kusini ya ikweta, jua la mwezi wa sita na wa saba linapita upande wa kaskazini. Kwa hiyo mlango ukitazama kaskazini au kaskazini-magharibi unaupa upepo mgongo na unapata jua. Ila kila kiwanja kina tabia yake, ukuta na miti hugeuza upepo. Jioni tazama moshi wa jikoni unaelekea wapi, kisha amua.

Jambo moja kuhusu mchwa. Najua watu hupaka mbao oili chafu ya gari. Nje, kwenye miguu ya sanduku, mahali mbwa asipofika, sina ugomvi. Ndani usipake kabisa. Mbwa hulamba anapolala na hulamba mwili wake, na oili hiyo ina sumu.

Ukishapata sanduku, toa mablanketi. Jaza majani makavu ya ngano au nyasi kavu zilizokatwa, kimo cha shubiri moja na zaidi, mbwa aweze kuchimba na kujifukia. Majani yanashika hewa kama manyoya yanavyofanya, na maji yanateremka chini badala ya kunyonywa. Maranda ya fundi seremala yanafaa pia. Unga wa mbao ule laini haufai, unaingia puani na machoni na ukilowa unashikana. Badilisha kila wiki, au mapema zaidi mvua ikinyesha, na majani ya zamani yachome, viroboto wamo humo. Kipimo ni mkono wako: asubuhi uingize chini ya majani mara mbwa anapotoka. Pakiwa pakavu na pana vuguvugu, kazi imekwisha.

Nakuja kwa kijana wako, maana hoja yake ya ulinzi naisikia kila mahali na inawatesa mbwa wengi. Mbwa halindi kwa sababu ana baridi. Analinda kwa sababu anasikia na kunusa vizuri kuliko sisi na anajua mipaka ya kwake. Masikio yake yanafanya kazi akiwa ndani ya sanduku la mbao sawasawa na nje. Kinyume chake, mbwa aliyeganda hujikunja, huficha pua chini ya mkia, na viungo vyake vikikaza hawezi kuruka mtu akiingia. Huyo mzee wako anayechukua muda kusimama ni ushahidi. Unachotakiwa kufanya ni kuweka masanduku mahali pa kazi, chini ya upenuo wa baraza, pakiwa na njia ya kuona geti, badala ya kuyaficha nyuma ya nyumba. Ungekuwa unawafunga minyororo ningekuambia maneno makali zaidi, kwa kuwa mbwa aliyefungwa hawezi hata kutembea apate joto.

Jiko la mkaa: hapana. Hapa sina mizani ya kupima faida na hasara. Mkaa unaoungua mahali penye hewa chache hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushika chembe nyekundu za damu na kuzizuia zisibebe oksijeni. Mbwa hasikii kukabwa, anasinzia tu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke, na mbwa si tofauti. Hata ukiacha mlango wazi, umeweka makaa karibu na majani makavu na mkia unaotikiswa.

Konyagi nayo inadanganya. Pombe hufungua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, mnywaji anahisi joto huku anapoteza lile la ndani. Mwili wa mbwa unapokuwa na baridi hufanya jambo la akili kabisa, unaibana mishipa hiyohiyo. Konyagi inaivunja kinga hiyo, na juu ya hapo pombe ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo.

Kinachotia joto kwa njia ya halali ni chakula. Anayelala nje wakati wa baridi anahitaji zaidi, anza na robo ya nyongeza juu ya mlo wa kawaida kisha umguse mbavu kila wiki: zisikike chini ya vidole bila kuonekana kwa macho. Ugali mtupu hujaza tumbo na kuisha haraka. Changanya dagaa, utumbo uliopikwa au mabaki ya nyama, na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Mafuta yakizidi ataharisha au kongosho litavimba. Mlo mkubwa uwe jioni, maana usagaji wa chakula wenyewe hutoa joto katika saa zile anazolihitaji. Maji yawe vuguvugu asubuhi na jioni, wazee hasa hupunguza kunywa maji yakiwa ya barafu.

Katika miezi hii usiwaogeshe ovyo, na hapa nina neno kuhusu dawa ya kupe. Wafugaji wengi humalizia kwa mbwa dawa iliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe. Nyingi za dawa hizo zina amitrazi, ambayo ikizidi hupunguza mapigo ya moyo na kushusha joto la mwili. Mbwa aliyeogeshwa saa kumi na moja jioni, akalala amelowa na dawa imezidi kipimo, anaweza kuamkia hali mbaya. Ikibidi kuogesha, iwe saa sita mchana penye jua, kwa kipimo cha mbwa alichokupa mtaalamu, na umkaushe hadi kwenye ngozi. Jike mwenye mimba usimguse na dawa hiyo bila kuuliza. Sweta la mtumba kwa yule mzee si kichekesho, linasaidia, mradi limbane vizuri lisinase kwenye waya na ulivue likilowa.

Ugumu wake wa kusimama sidhani ni baridi peke yake. Kwa umri huo, tena akiwa na damu ya German Shepherd, nyonga na magoti huenda yameanza kulika, na saruji imemzidishia. Sanduku kavu litampunguzia. Asubuhi mtembeze polepole kabla hujamwita akimbie. Akibaki anachechemea mchana penye jua, apimwe, zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa. Za kwako za kabatini usimpe. Ibuprofeni na diklofenaki huchimba vidonda tumboni kwa mbwa na kuua figo.

Kwa jike muda ndio umebana. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na mtoto wa mbwa anazaliwa bila uwezo wa kutetemeka. Wiki mbili za mwanzo hatengenezi joto la kumtosha, analiazima kwa mama na kwa ndugu zake, na hadi kama wiki ya nne ndipo anaanza kujimudu. Mtoto aliyepoa hawezi kunyonya, na hata ukimlazimisha maziwa hayasagiki. Watoto wengi wanaosemwa "walizaliwa dhaifu" walizaliwa wazima wakapoa.

Kwa hiyo katika jambo hili moja simuungi mkono mama watoto kikamilifu, ila sitaki uniletee ugomvi nyumbani. Simuombei mbwa sebule. Naomba kona ya stoo au jiko la nje, wakati ambao moto hauwaki humo, hadi watoto wafikishe wiki nne tu. Mhamishie wiki moja au mbili kabla ya kuzaa apazoee. Mtengenezee sanduku lenye kuta fupi analoweza kuruka yeye na watoto wasiweze, na wiki ya kwanza pale walipolala watoto pawe na nyuzi 29 hadi 32. Kama una umeme, taa ya joto ya vifaranga inafaa, ikining'inizwa kwa mnyororo imara, juu asipoifikia mama, upande mmoja tu wa sanduku. Umeme ukikatika, dumu la lita 5 lililojazwa maji ya moto, likafungwa vizuri na kuzungushiwa gunia au taulo, linatosha kwa saa kadhaa. Sababu ya kupasha upande mmoja ni kwamba mtoto akizidiwa na joto lazima apate pa kutambalia.

Huhitaji kipimajoto kujua kama umefanikiwa. Watoto wamerundikana na wanalia, wana baridi. Wametawanyika pembezoni wanahema, punguza. Wamelala bega kwa bega kimya, ukiwagusa wana vuguvugu, waache.

Umesema wanatetemeka, na ni lazima nikutahadharishe kwamba baridi si sababu pekee. Anayetetemeka kwa baridi huacha akikauka, akila na kupata jua. Akiendelea saa nne asubuhi penye jua, tazama ufizi wake. Ukiwa mweupe au wa manjano, na mkojo una rangi ya chai ya rangi, fikiria homa ya kupe, na huyo hasubiri kesho. Akikohoa, akitoa usaha machoni na puani na sehemu za uso zikirukaruka, mtenge na mwenzake, umwite daktari wa mifugo. Na jike akishazaa, hasa wiki chache za mwanzo maziwa yanapokuwa mengi, akaanza kuhangaika, kuhema, kukakamaa miguu na kutetemeka huku mwili ukiwaka moto, hiyo ni kalisi, yale madini ya mifupa na maziwa, imepungua mno kwenye damu. Watenge watoto na mama mara moja, umkimbize kwa daktari. Kalisi hutiwa kwenye mshipa polepole huku moyo ukisikilizwa, si kazi ya kufanyia nyumbani. Usijaribu pia kumpa vidonge vya kalisi sasa akiwa na mimba kwa kujihami, unaufanya mwili wake usahau kujitolea kalisi kutoka mifupani siku itakapohitajika.

Na baridi yenyewe ikizidi ina dalili moja inayowapotosha watu: mbwa anaacha kutetemeka. Mwenyewe anadhani nafuu imekuja, kumbe mwili umeishiwa. Ukimkuta amelegea, anayumba, ufizi umepauka, makwapa yana baridi, mwingize mahali pasipo upepo, mkaushe, mfunike, na mwekee dumu lililozungushiwa taulo kifuani na tumboni, miguu uiache. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala usimsugue kwa nguvu. Kama anameza, mpake asali au sukari iliyolowa kwenye ufizi. Hayo yote ni wakati gari linatafutwa. Joto lake likiwa chini ya nyuzi 37 anahitaji daktari, na likishuka chini ya 32 dakika zina thamani.

Wiki hii mtafute afisa mifugo wa kata yako, amshike jike tumbo na kukadiria tarehe, na akusikilizie kifua cha mzee. Uchukue namba yake ya usiku, na umuulize mapema ni daktari gani wa wilaya anayetia kalisi kwenye mshipa, kwa sababu siku ukihitaji jibu hilo itakuwa saa nane usiku.